Sauti Yangu Kinywani mwa Mwingine

"Rudia pale kwenye 'ninaaga'," Godbless alisema. "Umelikata neno mapema. Livute mpaka pumzi iishe."

"Pumzi yenyewe iko wapi, Godi?" Mektrida aliuliza. "Nimeamka jogoo hajawika. Nimekamua, nimekata majani ya ng'ombe, nimembadilishia mama shuka mara mbili. Unadhani pumzi inaokotwa chini ya migomba?"

"Mara moja tu, mke wangu. Hii ya mwisho."

"Hata ile iliyopita ulisema ya mwisho."

Kirekoda kilikuwa mezani, kimeegemezwa kwenye kopo la sukari. Kilikuwa kidude cheusi cha kuenea kiganjani, na kichwani kina maiki mbili ndogo zilizochomoza kama pembe za konokono. Godbless alikuwa ameingiza humo ala zote za wimbo: kinanda, besi na ngoma. Mektrida alizisikia kwa hedifoni, huku kidude hichohicho kikimrekodi. Mle jikoni hamkusikika muziki wowote, ila sauti yake tupu.

"Kwani ni lazima niimbe bila kinanda kusikika?" aliwahi kumuuliza mumewe.

"Ukijisikiliza sauti tupu, unayajua makosa yako. Siku ukirudi jukwaani utanishukuru."

Siku ukirudi. Maneno hayo Mektrida alikuwa ameyasikia mpaka yameisha ladha. Zamani, watu wa Moshi walipotaka muziki wa sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, waliwaita wao wawili, Godbless wa Marangu kwenye kinanda na Mektrida wa Uru kwenye maiki. Walipendana hukohuko, kwenye sherehe za watu, mpaka ikafika yao. Kisha mama yake Godbless, Mama Elisifa, akapata kiharusi. Godbless akamwomba mkewe apande Marangu akamwangalie mwezi mmoja tu. Mwezi ukazaa mwezi. Kahawa ikachanua, ikachumwa, ikachanua tena, na Mektrida bado yuko kihambani, kwenye shamba la ukoo wa mumewe, hajajaliwa mtoto, lakini kila usiku anaamka kumgeuza mtu mzima kitandani.

Akavuta pumzi, akaimba. Alipofika kwenye lile neno refu, kikohozi kikapasuka chumba cha pili, kikavu, kirefu, chenye mluzi mwishoni kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Mama amekohoa," Mektrida alisema. "Tuanze upya?"

"Acha, imetosha."

"Lakini kikohozi kimeingia juu ya sauti."

"Ni ya mazoezi tu, Meki. Nani ataisikia?"

Akabonyeza, akakitia mfukoni. Mektrida akamwangalia anavyofunga zipu ya koti.

"Hulali hapa leo?"

"Kesho nina kazi mjini."

"Kazi gani, na mwimbaji wako yuko huku anakamua ng'ombe?"

"Napiga kinanda kitupu. Watu wanakula, mimi napiga."

"Na mimi nitashuka lini, Godi?"

"Mama akipata nafuu." Akachungulia chumbani, akamwambia mama yake kwaheri akiwa mlangoni, akaondoka kabla mtori wa ndizi haujaiva.

* * *

Jumapili iliyofuata simu ya Mektrida ilitetemeka juu ya pipa la maji. Ulikuwa ujumbe wa mdogo wake, Bernadetha, aliyefanya kazi ya ushonaji mjini.

"Shikamoo dada. Jana nilikuwa kwenye sendofu ya binti wa bosi wangu. Shemeji ndiye alikuwa na muziki. Kumbe ana mwimbaji mpya! Anaimba kama wewe kabisa, nimeshangaa. Hebu sikiliza."

Chini yake kulikuwa na video. Msichana mwenye gauni la dhahabu alisimama mbele ya maua na maiki mkononi, akiwa amefumba macho. Mektrida aliisikiliza ile sauti. Hakuitambua mara moja. Mtu haijui sana sauti yake mwenyewe ikitoka nje. Lakini msichana alipofika kwenye "ninaaga", akalivuta neno, juu ya neno hilo kikapita kikohozi kikavu, kirefu, chenye mluzi mwishoni.

Mektrida akageuka kutazama mlango wa chumba. Mama Elisifa alikuwa amelala, kimya.

Akaipiga namba ya mdogo wake.

"Bernadetha, huyo msichana anaitwa nani?"

"Kindness. Mbona sauti yako iko hivyo, dada?"

"Emsii alimtambulishaje?"

Bernadetha akasita. "Dada, hayo maneno ya maemsii..."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Godbless na ubavu wake.' Nikadhani ni utani wa sherehe. Dada? Umekasirika?"

"Hapana. Hasira nayo inataka nguvu. Hiyo ni sauti yangu, Bernadetha. Huyo anafungua mdomo tu."

Hakumpigia mumewe. Alimnywesha mama uji, akafua shuka, akaenda kwa jirani yao, Mama Praygod, kumwomba amshikie zamu Jumamosi. Usiku alijaribu kulia, usingizi ukamzidi.

Jumamosi asubuhi alimweleza mkwewe. Hakumficha, kwa sababu mtu unayemwosha kila siku hamfichani mengi.

"Mama, nashuka mjini. Godi ana mwanamke anaimba kwa sauti yangu. Sijui kama ni hilo tu au kuna na mengine."

Mdomo wa Mama Elisifa ulikuwa umepinda upande mmoja tangu kiharusi, na maneno yalitoka kwa shida.

"Nenda," alisema. Akapumzika. "Vaa... viatu vizuri."

* * *

Ukumbi aliomwelekeza Bernadetha ulikuwa umepambwa vitambaa vya zambarau. Mektrida aliingia kwa mlango wa nyuma, akasimama karibu na wapishi. Hakuna aliyemuuliza, walidhani ni mmoja wa waosha vyombo.

Kindness alikuwa anaimba. Tuseme alikuwa anafungua mdomo, na kazi hiyo aliijua. Alijua mpaka mahali Mektrida anapovutia pumzi, na hapo mabega yake yalipanda. Bibi harusi alikuwa anatoa machozi begani kwa mama yake. Nyuma ya kinanda, Godbless alikuwa anatabasamu, vidole vikipita juu ya vitufe bila haraka. Kando yake kirekoda kimechomekwa waya unaokwenda kwenye spika.

Wimbo ulipoisha, watu wakapiga vigelegele, keki ikaletwa. Mektrida akazunguka nyuma ya spika.

"Godi."

Godbless akageuka.

"Meki! Mama ana nini?"

"Mama hajambo. Yuko na Mama Praygod."

"Sasa mbona... umefikaje hapa?"

"Nimekuja kujisikiliza. Si ulisema ndiyo nitayajua makosa yangu?"

Kindness alikuwa ameshuka jukwaani, anajipepea kwa kitambaa. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko kwenye video.

"Shikamoo dada," alisema, akamgeukia Godbless. "Mgeni wako?"

Godbless akajitia kunyoosha waya wa kirekoda.

"Mwambie," Mektrida alisema.

"Ni Mektrida."

Kindness akaacha kujipepea. "Mektrida? Yule aliyekuacha akaenda Dar?"

"Dar?" Mektrida akauliza. "Mimi mwisho wa safari zangu ni Marangu, mdogo wangu. Nakamua ng'ombe wa mama yake. Hicho kikohozi unachokiimbia ni cha mkwe wangu."

"Godi, uliniambia mmeachana!" Sauti ya Kindness ilianza kupanda, akaishusha kwa sababu ya watu. "Ulisema alikuachia nyimbo zake utumie. Ulisema Krismasi unakuja kwetu Machame kujitambulisha. Nimeshamwambia mama yangu! Ameshaanza kupaka nyumba rangi!"

"Kindness, ngoja nikueleze..."

"Unieleze nini? Mke wako huyu hapa na pete kidoleni!"

Ukumbini emsii alikuwa ameshika maiki. "Haya, wapendwa, keki imekatika! Sasa tunamwomba mwimbaji wetu arudi amsindikize binti yetu kwenda kuwalisha wazazi!"

"Nenda, tafadhali," Godbless akamnong'oneza Kindness. "Tutaongea baadaye."

"Sifungui mdomo wangu tena kwa ajili yako." Akaitua maiki juu ya kinanda, akakaa kwenye sanduku la spika, akaanza kuvua viatu vya kisigino kama mtu aliyefika kwake.

"Mwimbaji wetu jamani, yuko wapi?" emsii aliita.

Bibi harusi alikuwa amesimama na sahani ya keki mkononi, anatazama huku na huku. Mektrida alimtazama. Yule binti alikuwa na kosa gani?

"Weka ala peke yake," akamwambia mumewe. "Uitoe sauti."

"Meki..."

"Weka ala, Godi."

Akaichukua maiki, akatoka vilevile na sketi yake ya kanisani na kitenge begani. Ala zikaanza. Zilikuwa zilezile alizozizoea jikoni, na mwili ukajua pa kuingilia. Lakini ilikuwa muda mrefu hajasimama mbele ya watu, na koo lilikuwa limechoka kwa moshi wa kuni. Kwenye noti ya juu sauti ilimvunjika katikati. Akaiokota, akamaliza. Watu wakapiga makofi ya heshima.

Alipokuwa anarudi, alimsikia mwanamke mmoja mezani akimwambia mwenzake, "Huyu naye si haba. Ila yule wa kwanza ana sauti zaidi."

Kicheko kilimtoka Mektrida kabla ya machozi.

* * *

Waliongea uani, kwenye masufuria ya pilau yaliyokuwa yanasubiri kuoshwa.

"Mara ya kwanza ilikuwa dharura," Godbless alisema. "Kamati ya harusi iliitaka sauti yako, nami niliogopa kuwaambia haupo. Nikamleta Kindness. Kufika jukwaani, woga ukamkausha. Nilikuwa na sauti yako kwenye kirekoda, nikabonyeza. Hakuna aliyejua."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili ikawa rahisi."

"Kwa hiyo ile miezi yote unanirekodi jikoni, 'rudia hapa, vuta pale', haikuwa ya mazoezi."

Akainamisha kichwa.

"Ulilala naye?"

"Hapana."

"Ulitaka?"

"Alikuwa ananisikiliza, Meki. Nikija Marangu nakukuta umechoka, mama amechoka, nyumba yote inanuka dawa. Nikishuka, kuna mtu anacheka. Nikamwacha anipende. Uongo mmoja ukaita mwingine."

"Kwa nini hukuniambia nishuke niimbe mwenyewe? Hata Jumamosi moja?"

"Na mama angebaki na nani?"

"Na wewe, Godi."

Mektrida akaona wazi usoni mwa mumewe kwamba jambo hilo halijawahi kumpitia kichwani. Hapo ndipo alipoumia. Kindness, gauni la dhahabu, ubavu wa emsii, yote aliyaweza. Lakini mume wake hakuwahi kufikiri kwamba mama yake ana mikono mingine zaidi ya ya mkewe.

"Naenda Uru kwa baba," alisema. "Mama Praygod atarudi kwake jua likizama. Unapanda au hupandi, hilo ni lako. Yule ni mama yako."

Akanyoosha kiganja. "Na hicho kirekoda nipe."

Akampa.

* * *

Godbless alipanda. Mektrida alijua kwa sababu ya ujumbe ulioanza kuingia.

"Mama anakataa uji. Nifanyeje?"

Alikaa na simu mkononi. Kisha akaandika, "Mkalishe kwanza. Weka maziwa, usiweke sukari."

"Amekunywa. Asante."

Siku nyingine: "Nimemgeuza ameumia bega. Nimelia. Kumbe ulikuwa unafanyaje peke yako?"

Huo hakuujibu.

Siku nyingine tena: "Ng'ombe amenipiga teke. Mama amecheka. Sijamsikia akicheka tangu augue."

Huo aliusoma mara kadhaa, akaificha simu chini ya mto ili mama yake asimwone anatabasamu.

Kindness naye alipiga. "Dada, nimekuja kuomba msamaha kwa simu, kwa sababu uso wangu sina pa kuuweka."

"Wewe ulidanganywa kama mimi."

"Lakini kila mtu alinisifu, nikazoea. Nikiwa peke yangu najaribu kuziimba zile nyimbo, hazitoki, dada. Naona kama sina sauti kabisa."

"Sauti unayo. Iko chini kuliko yangu. Ukifuata ala zangu utajipasua koo bure. Mtafute mpiga kinanda akurekodie ala za kiwango chako, uzifanyie mazoezi nyumbani mpaka uzizoee. Na mtafute ambaye ana mke unayemjua."

Kindness akacheka huku analia. Hawakupigiana tena.

Mektrida mwenyewe alianza mazoezi. Alikaa nyuma ya nyumba ya baba yake, kwenye mibuni, hedifoni masikioni, akiimba juu ya ala za Godbless. Zilikuwa nzuri, hilo hakuweza kulikataa. Zilimjua. Palepale pumzi yake inapoisha, kinanda kilijaza pengo. Alikuwa na hasira na mtu huyo, na ala zake zilikuwa zinamngoja kwa upole mwisho wa kila mstari.

Harusi ya kwanza aliyoimba peke yake, alikichomeka kirekoda kwenye spika kwa mkono wake, akaimba mwenyewe, noti zilizopasuka na zilizonyooka. Bernadetha alimsifia. Godbless aliandika, "Nimesikia umeimba. Nimefurahi. Mama anakusalimia."

* * *

Godbless alikuja Uru asubuhi moja ya baridi, akiongozana na baba yake mdogo, Mzee Yoramu. Walibeba kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, na mkononi Godbless alishika jani la sale lililofungwa fundo. Uchagani, ukimletea mtu jani la sale umekiri kosa mbele ya wakubwa, na aliyeletewa huona vigumu kukugeuzia mgongo.

"Shikamoo baba," Godbless alisema, amepiga magoti.

Mzee Filbert, baba yake Mektrida, hakuwa amefurahia sana kuozesha binti wa Kikatoliki kwa Walutheri wa Marangu. Aliitikia marahaba ndogo.

"Nimesikia uliiba sauti ya mwanangu," alisema. "Katika uzee wangu nimesuluhisha wizi wa mbuzi, wa mpaka, wa ndizi. Wa sauti ndio naanza leo. Sema mwenyewe, mimi sina mfano wake."

"Nilimkosea, baba. Nilimpa mtu mwingine jina lake na nafasi yake. Na nilimwachia mzigo wa mama yangu kama vile si yeye aliyenizaa. Sikuja kumchukua. Nimekuja kuomba msamaha. Akisema nirudi peke yangu, nitarudi, mama yangu ananisubiri."

Wote wakamtazama Mektrida. Mikono ya Godbless ilikuwa imepasuka vidole, na kwenye mkono wa koti lake kulikuwa na uji uliokauka. Hakuwahi kumwona hivyo. Zamani alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi.

"Mama unamlaza upande gani sasa?" akamuuliza.

"Wa kulia. Kushoto analalamika. Namwekea mto katikati ya magoti."

Hilo la mto Mektrida hakuwahi kumfundisha.

Akalipokea jani. Mzee Yoramu akashusha pumzi kwa kelele, na mama yake Mektrida akaingia ndani kutafuta vikombe vya mbege.

"Nimekusamehe," Mektrida alisema. "Lakini sirudi kuishi vile. Wiki moja mimi niko juu, wewe unashuka kutafuta riziki. Wiki nyingine mimi nashuka kuimba, wewe unabaki na mama. Utanirekodia ala nitakazotumia usipokuwepo. Na sauti yangu, Godi, isisikike mahali ambapo mimi sipo."

"Nimekubali."

"Usikubali haraka. Wiki ni ndefu."

"Nazijua sasa," Godbless alisema.

* * *

Mektrida alipanda Marangu Jumatatu, mvua ikinyunya kwenye migomba. Mama Elisifa alimshika mkono, akaukumbatia kwa ule mkono wake mzima. Shuka zilikuwa safi. Jikoni, Godbless alikuwa amepika kiburu, ndizi na maharage, kimeungua chini. Mektrida alikila chote.

"Nikakamue?" akauliza.

"Nimeshakamua. Wiki yako inaanza kesho. Leo pumzika."

Akajinyoosha kitandani ili anyooshe mgongo tu kidogo, viatu miguuni. Usingizi ukamchukua palepale, mchana kweupe, mvua juu ya bati. Godbless akaja akamvua viatu, akamfunika.

Simu ikaita mezani. Akaiwahi kabla haijamwamsha, akatoka nayo kibarazani.

"Haloo, ni kwa Mektrida?" sauti ya mwanamke iliuliza. "Mimi ni katibu wa kamati ya harusi. Tunakutana sasa hivi, na wajumbe wanataka kumsikia kidogo kabla ya kuamua. Anaweza kutuimbia hata mstari mmoja kwenye simu?"

"Amelala, mama."

"Jamani, mwamshe dakika moja tu. Wajumbe wote wako hapa."

"Siwezi kumwamsha."

"Basi tutumie hata rekodi yake. Wewe si ndiye mpiga kinanda wake? Lazima unayo."

Godbless akachungulia ndani. Mektrida alikuwa amegeukia ukutani, mdomo wazi kidogo, anakoroma kama mtu aliyetoka shambani.

"Hapana, mama," akasema taratibu. "Mkitaka sauti yake, mngojeni aamke. Atawajibu mwenyewe."